Wanangu wamechukua kadi ya gari ili nisiende Kalahari

BARUA

Dada mshauri,

Nakuandikia kutoka Tukuyu, saa nne hii ya asubuhi na ukungu bado haujaachia migomba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 59, na ni mjane. Mwezi ujao mume wangu atatimiza miaka miwili kaburini. Nina watoto watatu. Wawili ni wa kiume, mkubwa yuko Dar es Salaam na mdogo yuko Mbeya mjini. Wa tatu ni binti yangu, kitinda mimba, muuguzi. Ameolewa na Mtswana na wanaishi Ghanzi, nchini Botswana, mji wa wafuga ng'ombe ulio ndani kabisa ya Kalahari.

Binti huyo ana mtoto wa miaka minne ambaye sijawahi kumshika. Tunaonana kwenye simu tu. Juzi mtoto alimwuliza mama yake kama bibi huwa anatoka humo ndani ya simu au analala humo humo. Binti alinisimulia huku anacheka. Mimi nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata, nikaenda kukaa jikoni. Sasa ana mimba nyingine na anatarajia kujifungua katikati ya Oktoba. Mama mkwe wake alishatangulia mbele za haki. Dada, wewe unajua mzazi anahitaji nini zile siku arobaini za mwanzo. Nani atamkanda? Nani atampikia uji na kumwogesha mtoto?

Nimeamua kwenda, na nimeamua kwenda kwa gari, nikiendesha mwenyewe, peke yangu. Gari ni la marehemu, pikapu ya dizeli, dabo kebini. Mume wangu alikuwa fundi wa injini za treni TAZARA, na kazi ilikuwa ikimpeleka karakana ya Mpika kule Zambia, mara nyingine kwa miezi. Kila akirudi aliniambia kuwa akistaafu tutakwenda wawili kwa gari. Tupite Mpika anionyeshe alipokuwa akilala, tuone maporomoko pale Livingstone, halafu tushuke hadi kwa binti yetu. Alipostaafu kweli alinunua ramani ya karatasi, akawa anachora njia kwa kalamu nyekundu jioni baada ya kula. Alianzia Tukuyu, akaja Tunduma, akashuka Zambia yote, akavuka Kazungula, akafika mji unaoitwa Nata. Hapo akaugua figo. Ramani ninayo hapa mezani, na mstari wake unaishia Nata.

Wanangu wamekataa katakata. Mkubwa anasema atanikatia tiketi ya ndege niende kama watu wengine. Mdogo anasema mama wa miaka sitini kuvuka jangwa peke yake ni aibu kwa familia, watu watasema watoto wamemtelekeza. Mkubwa alipokuja kunisalimia mwezi uliopita aliondoka na kadi ya gari. Hakuniambia. Nilikuja kugundua nilipotaka kulipia bima. Nilipompigia alisema, "Mama, naitunza tu." Shemeji yangu naye amesharusha neno kuwa gari liuzwe, pesa igawanywe.

Mimi si mgeni wa usukani. Nimeendesha miaka 22. Kitonga nimepanda na kushuka, mteremko wa Inyala naufahamu, na ukungu wa huku kwetu nauona kila siku. Lakini nikwambie na lile ambalo sijamwambia mtu. Mwaka jana nilikwenda Dar peke yangu, nikaamua kumaliza siku hiyo hiyo. Giza liliniingilia nikiwa nimeshapita Mikumi. Kulikuwa na lori limeharibika, limesimama barabarani bila taa, na wenyewe walikuwa wametandaza matawi nyuma yake. Matawi niliyaona yakiwa tayari chini ya magurudumu yangu. Nilikwepa, sijui hata nilikwepaje. Tena jambo jingine: ninameza dawa za presha, na moja inanikojoza sana, kwa hiyo siku za safari huwa siimezi.

Kuna mtu kanishauri niende polisi niseme kadi imepotea, nipate loss ripoti, nikatoe kadi nyingine niondoke kimya kimya. Nina haki au sina? Nifanye hivyo?

Ndaga fijo,
Mama wa Tukuyu

MAJIBU

Dada yangu, kamwene.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilisimama pale mstari ulipoishia Nata. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeniambia mambo ambayo wengi huyaficha, hasa lile la matawi.

Haki unayo. Hilo nisilizungushe. Kabla ya uhuru wanaume wa Rungwe na Kyela walikwenda Wenela, kwenye migodi ya dhahabu ya Johannesburg. Waliacha wake na watoto kwa mwaka, miaka miwili, wengine hawakurudi, na hakuna kikao cha ukoo kilichokaa kusema ni aibu. Mama aliyesomesha watoto wa watu maisha yake yote, mwenye leseni na akili timamu, akitaka kwenda kusini kumwona mjukuu wake, neno aibu linatoka wapi? Mwanao mdogo anaogopa maneno ya watu. Mpe pole, ila usimpe usukani.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo nitakapokuudhi. Umezifunga safari mbili kwa kamba moja. Ya kwanza ni ya binti yako. Ile ina tarehe, haisubiri, na inakutaka ufike ukiwa na nguvu za kukanda na kuamka usiku. Ya pili ni ya mume wako. Ile ni ya Mpika, Livingstone na mstari mwekundu, nayo inataka muda, utulivu, na gari lenye karatasi zake. Ukizichanganya, utaendesha ile ya pili kwa haraka ya ile ya kwanza. Mtu mwenye haraka ndiye aliyeingiliwa na giza mbele ya Mikumi mwaka jana.

Kwa hiyo nakushauri hivi: Oktoba panda ndege. Chukua tiketi ya mwanao. Barabara iache hadi Juni mwakani, na hiyo uende kwa gari, peke yako, kama ulivyotaka.

Najua unachowaza. Unawaza kuwa ukishakubali tiketi wamekushinda, na gari litauzwa wewe ukiwa Ghanzi. Nitafika hapo. Kwanza nikwambie kwa nini Oktoba haifai. Kule kwa binti yako Oktoba ndiyo joto la mwaka, kabla mvua hazijaanguka. Nyuzi 38, nyuzi 40, ni mambo ya kawaida. Gari lako limeishi Tukuyu. Rejeta yake haijawahi kujaribiwa na kitu kikali kuliko njia ya Dar. Juni na Julai kule ni kiangazi cha baridi, mchana jua la kiasi, usiku baridi inayoshuka karibu na kuganda. Wewe wa Rungwe baridi haikuui, utavaa sweta. Joto la kwenye barabara isiyo na kivuli hulijui.

Sababu ya pili ni hiyo kadi. Umeniuliza kama ukatoe ripoti kuwa imepotea. Hapana, dada. Kadi haijapotea, iko kwa mwanao, na wewe unajua. Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa, na siku mwanao akiionyesha ile ya kwanza, mwongo utakuwa wewe mbele ya familia nzima. Tena nadhani haitakusaidia. Kadi hiyo ina jina la nani? Hukusema, lakini umeandika "gari ni la marehemu", na kwa uzoefu wangu wa barua za wajane, nina hakika bado lina jina lake. Pale Tunduma forodha watataka kujua gari ni la nani na wewe unalitoa nchini kwa idhini ya nani. Ukivuka Kazungula utaulizwa tena. Mwenye jina amefariki, na marehemu hawezi kukuandikia barua ya idhini.

Hapo ndipo ulipo mgogoro wenu, naona mimi. Miaka miwili imepita na mirathi haijafunguliwa. Ndiyo maana mkubwa anaweza kuondoka na kadi akasema anaitunza, ndiyo maana shemeji anaweza kurusha neno la kuuza. Kitu kisicho na msimamizi kila mtu anakishika upande wake. Fanya kikao cha familia, muhtasari uandikwe na kusainiwa, upendekezwe wewe kuwa msimamizi wa mirathi. Chukua muhtasari huo na cheti cha kifo, nenda mahakama ya mwanzo ufungue shauri. Kuna muda wa tangazo, watu wapate nafasi ya kupinga, kwa hiyo usitegemee kumaliza kwa wiki moja. Ukishapewa barua ya usimamizi, na gari likaangukia kwako katika mgawanyo, unakwenda TRA kubadilisha jina. Kutoka sasa hadi Juni muda upo wa kutosha. Kutoka sasa hadi Oktoba ungekuwa unakimbizana na makarani huku binti yako anahesabu siku.

Kikao kiite kabla hujasafiri, na uende nacho hivi. Mwambie mkubwa, mbele ya mdogo na shemeji: "Mwanangu, tiketi yako nimeipokea na nakushukuru. Na kadi ya baba yako naomba irudi kabatini kwangu leo." Mtu ambaye zawadi yake imepokelewa ni rahisi zaidi kuachia anachokishikilia. Yeye siyo mbaya, dada. Alimzika baba yake juzi tu, hataki kumzika mama. Halafu itandaze ile ramani mezani, na usiwaeleze mengi. Mpe mkubwa kalamu nyekundu, mwambie amalizie kutoka Nata. Nata hadi Maun, Maun hadi Ghanzi. Aandike yeye kwa mkono wake.

Halafu waambie habari ya lori na matawi. Ndiyo, wewe mwenyewe. Najua utaona unawapa silaha. Lakini ukiwaambia pamoja na sheria uliyojiwekea baada yake, watamwona mama anayejua hatari ilipo, na watamwamini zaidi ya yule anayesema "mimi Kitonga naijua".

Maana Kitonga haitakusaidia kule. Nina jirani yangu hapa Ipogolo, mzee aliyeendesha malori miaka mingi hadi kusini huko, sasa anafuga kuku. Nilimsomea kipande cha barua yako bila kutaja mahali, akasikiliza, akasema: "Mwambie Kitonga inakuamsha, Kalahari inakulaza." Akanieleza. Kwenye kona, miteremko na ukungu mwili unakuwa macho wenyewe, mikono inafanya kazi, masikio yanasikiliza injini. Kalahari ni tambarare. Barabara ya lami imenyooka kama uzi, kushoto vichaka, kulia vichaka, saa nzima hakuna kona. Usidhani utaona vilima vya mchanga kama kwenye picha. Kule kwa sehemu kubwa ni nyasi kavu, miti ya miiba na udongo mwekundu, na kila kilomita inafanana na iliyopita. Macho yanabaki wazi huku akili imeshalala. Yule mzee alikuwa akisimama kila baada ya saa mbili, asikie usingizi asisikie, anashuka, anazunguka lori mara tatu akigonga matairi. Utingo wake alidhani anakagua pancha.

Kutoka kwako hadi Ghanzi kwa njia ya marehemu ni zaidi ya kilomita 2,500, sawa na kutoka Mbeya hadi Dar mara tatu mfululizo. Wewe ile moja tu uliifanya kwa siku moja ikakufikisha kwenye matawi. Hii ipe siku tisa au kumi, na jua likizama uwe umeshaingia gesti, umeshaoga. Siku ya kwanza ishia Tunduma tu, mapema, ili uamkie mpakani kabla foleni haijawa ndefu. Ya pili Mpika. Ya tatu Kapiri Mposhi au Kabwe. Lusaka usilale katikati ya jiji, utapoteza nusu siku kwenye foleni. Livingstone lala siku mbili, uone maji, mwili upoe. Halafu unavuka Kazungula. Zamani palikuwa na kivuko cha pantoni, magari yakisubiri siku kadhaa. Sasa kuna daraja lenye urefu wa mita 923, lililofunguliwa Mei 2021. Limepinda katikati kukwepa ardhi ya Zimbabwe, utaona lilivyokata kona juu ya Zambezi. Mume wako ningependa angeliona, fundi yule.

Kuanzia hapo sheria zinabadilika. Kazungula hadi Nata ni kilomita kama 300, na Botswana ndiyo nchi yenye tembo wengi kuliko zote duniani, takriban 130,000. Wewe unaijua Mikumi, ile kilomita 50 ambayo sote tunapunguza mwendo na kuchungulia. Sasa ichukue Mikumi iweke mara sita, bila matuta ya kukukumbusha. Tembo anatoka kichakani bila sauti, rangi yake na ya kivuli ni moja. Ukimwona, simama mbali, zima muziki, ngoja. Usipige honi. Usishuke kujisaidia kichakani, hata ukibanwa namna gani. Kuna sheli Pandamatenga, kama kilomita mia moja kutoka Kazungula. Kuanzia Nata kwenda Maun na Ghanzi tembo wanapungua na punda na ng'ombe wanaongezeka, wamesimama katikati ya lami hawana habari. Usiku ndio wanaoua watu kule. Mwendo wao wa juu ni 120, wewe usizidi 90. Polisi wao wana tochi kama wetu, na faini unalipa kweli.

Mafuta jaza kila unapokuta sheli, hata kama tanki lina nusu. Maji chukua lita 20 za kunywa na lita 20 nyingine za gari, yasichanganywe. Gari likigoma, kaa na gari. Narudia: kaa na gari, fungua boneti juu, subiri. Ile ni barabara kuu, malori yanapita. Aliyeacha gari akatembea kutafuta msaada ndiye anayetafutwa kwa siku tatu.

Matairi yaangalie kwa macho yako, usimwachie fundi. Ubavuni mwa tairi kuna kiduara kirefu chenye tarakimu nne. Ikiwa imeandikwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pikapu isiyosafiri mara kwa mara inaweza kuwa na tairi zenye kashata nzuri kabisa, kumbe mpira umeshazeeka, na mpira mzee kwenye lami ya moto unapasuka. Spea nayo iangalie, spea ndiyo husahaulika kuliko zote. Upepo pima asubuhi tairi likiwa baridi, na usiutoe mchana kwa kuona umezidi. Joto ndilo limeupandisha. Kwa fundi, uliza kama thamostati ipo au "walishaitoa". Mafundi wetu wa baridi wana tabia hiyo. Irudishwe. Badilisha hosi za rejeta na feni belti hata kama hazijachanika, za zamani zibebe ziwe akiba. Ukimaliza, teremka Usangu mchana wa jua, endesha Chimala hadi Rujewa na kurudi, jicho kwenye geji ya joto. Kisha siku nyingine nenda Sumbawanga peke yako, ulale, urudi. Ile siku moja ya kilomita kama mia nne itakuambia mgongo wako unasemaje.

Karatasi nyingine nazipitia haraka. Kuna kadi mbili za njano na watu huzichanganya: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ni yako, na nyingine ni bima ya gari ya COMESA, inayokubalika Zambia lakini Botswana haiko humo, kule unalipia yao mpakani. Zambia kuna kodi ya kaboni na mageti ya kulipia barabara, tunza kila risiti. Pesa badilisha kwenye duka la fedha, vijana wa Tunduma wenye mabunda mkononi waache. Nyama usibebe, mbichi wala ya kukausha. Botswana wana mageti ya mifugo barabarani kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, watakufungulia mpaka kapu la chakula, utakanyagishwa viatu kwenye dawa. Geti la Kuke liko njiani kabla ya Ghanzi. Chai ya Rungwe ya pakiti itapita, nayo binti yako ataifurahia kuliko nyama.

Kuna jambo dogo la saa ambalo limewahi kutia familia kiwewe. Ukivuka Tunduma, saa inarudi nyuma moja, na ni hivyo hivyo hadi Ghanzi. Ukiahidi kupiga simu saa kumi na mbili jioni, kubalianeni ni ya nani. La sivyo mwanao wa Dar atakaa saa nzima akidhani umetekwa. Nunua laini ya kila nchi mpakani. Kila asubuhi mtumie mdogo wa Mbeya jina la mji utakaolala na namba ya gesti. Mdogo, ndiyo, yule wa aibu. Mpe kazi hiyo yeye, atakuwa anakufuata kwenye ramani kila siku, na watu wakimwuliza mama yuko wapi atakuwa na jibu.

Dawa. Dada, hili limenikosesha raha kuliko tembo. Kuacha dawa ya presha siku ya safari ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuiacha. Umekaa muda mrefu, una wasiwasi, hujanywa maji kwa sababu hutaki kusimama. Nenda kwa daktari wako umwambie ukweli kuwa huwa unairuka, na kwa nini. Mwulize kama inaweza kuhamishwa muda au kubadilishwa. Usiamue wewe, wala mimi. Na hili lianze kabla ya Oktoba, maana hata kwenye ndege utakwepa choo ukaiacha dawa, nakujua sasa. Beba dawa za kuzidi siku zako zote, ndani ya mkoba wa mkononi, na cheti cha daktari.

Sasa Oktoba. Ondoka mwanzoni mwa mwezi, usingoje uchungu uanze. Mwombe mwanao tiketi ikufikishe Maun, usikubali ikuache Gaborone. Kutoka Maun hadi Ghanzi ni kilomita kama 280, na ni kipande kile kile cha mwisho utakachokiendesha Juni. Mkweo aje kukuchukua kwa gari, wewe uangalie barabara: sheli ziko wapi, geti la Kuke likoje, punda wanasimama wapi. Na aje na mtoto. Mwambie amfunge kiti cha nyuma, na wewe ukae huko huko nyuma naye, asikie unavyonuka, akushike mkono njia nzima akitaka.

Wako,
Dada mshauri, Iringa